Mwalimu, Mbona Sita Hana Sare?

Swali hilo niliulizwa mwaka 2017, darasa la kwanza, saa nne kasorobo asubuhi, jua la Tanga limeshaanza kupiga bati. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Chumba kilijengwa kwa watoto 45. Mle ndani walikuwamo 104, maana tangu michango ifutwe Januari 2016 wazazi waliwaleta wote, hata wale waliokuwa wakibaki nyumbani kulea wadogo zao. Waliokosa madawati walikaa sakafuni, nami nikajifunza kutembea darasani kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Tulikuwa tunahesabu. Nimesimamisha watoto kumi mbele ya ubao, nawagusa vichwa mmoja mmoja, darasa linaitikia: mtoto mmoja, watoto wawili, watoto watatu, watoto wanne, watoto watano, watoto sita, watoto saba, watoto wanane, watoto tisa, watoto kumi. Tunarudia. Mara ya tatu nikaona mkono umenyooka pale sakafuni, karibu kabisa na miguu yangu.

Alikuwa mtoto wa kike ambaye mama yake anauza dagaa sokoni. Majina ya watoto siyaandiki, wana wazazi wao na wana kesho yao, kwa hiyo nitamwita Binti Dagaa, kama tulivyomwita walimu wenyewe ofisini.

"Mwalimu, mbona sita hana sare?"

"Sare gani?"

"Wawili ana wa. Watatu ana wa. Wanne na watano wana wa. Sita hana. Saba hana. Wanane ana. Halafu tisa hana tena."

Nikamwambia akae, hapa tunahesabu, hatuchezi. Akakaa. Darasa likaendelea kuitikia na mimi nikaendelea kugusa vichwa, lakini kila tulipofika kwa mtoto wa sita ulimi wangu ulikwama kidogo, kama mtu aliyeambiwa ana kitu kwenye jino.

Jioni nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikajikuta nahesabu vyombo vilivyo kabatini kwa sauti: vikombe vinne, vikombe vitano, vikombe sita. Nikahamia visahani. Nikahamia miti ya uani: minne, mitano, sita. Kiswahili nimezaliwa nacho, nimekifundishia tangu mwaka 1980, na sikuwahi kuliona hilo hata siku moja. Mtoto wa miaka sita ameliona akiwa amekaa sakafuni, na nimemwambia anacheza.

Kesho yake nikamfuata mwenzangu anayefundisha Kiswahili darasa la saba. Akacheka, akanieleza huku anakunywa chai: sita, saba na tisa tumezichukua kwenye Kiarabu, ndiyo maana hazikubali viambishi. Nane ni yetu ya Kibantu, iko kundi moja na mbili, tatu, nne na tano. Nikaona nimepata silaha. Nikaingia darasani, nikamsimamisha Binti Dagaa, nikamwambia mbele ya wenzake kuwa sita, saba na tisa ni wageni, walikuja na majahazi kutoka Uarabuni, na mgeni havai sare ya shule yetu.

Akafurahi sana. Akataka kukaa, akaghairi.

"Na kumi naye ni mgeni?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kumi hana sare, na si Mwarabu. Chuoni Korogwe, miaka ile, tulifundwa kwamba mwalimu akibanwa aseme "hilo tutalisoma kipindi kijacho", kisha aombe Mungu mtoto asahau. Sijui kwa nini siku ile sikuitumia dawa hiyo. Nikasema, "Sijui." Palipita kimya, halafu mvulana mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Hata mwalimu hajui!" Nilijiandaa kukasirika, ila nilipomtazama usoni nikaona hakuna dharau pale. Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kwamba wali bado uko sufuriani.

Ilinichukua wiki mbili kulipata jibu. Kumi ni Mbantu mwenzetu, ila lenyewe ni jina zima, lina wingi wake, makumi. Tunasema makumi mawili, makumi matatu, na hapo wanaovaa ni wawili na watatu, yeye hapana. Nilipomweleza Binti Dagaa, alifikiri kidogo huku anakwaruza kigaga cha gotini, akasema, "Kwa hiyo kumi ndiye mwalimu. Mwalimu havai sare."

Nimesoma ualimu, nimehudhuria semina nyingi kuliko harusi. Sikumbuki semina iliyonipa maelezo mafupi na sahihi namna ile.

Nieleze sasa nilikuwa nafikiri nini kabla ya hapo kuhusu watoto wenye akili. Kwangu mtoto mwenye akili alikuwa yule ambaye daftari lake ni safi, mwandiko umelala vizuri kwenye mistari, anajibu akiulizwa na ananyamaza asipoulizwa. Siku hizi watoto wenyewe wanawaita vipanga, na wale wengine wanawaita vilaza, maneno ambayo siyapendi yote mawili. Mfumo wetu nao kwa muda mrefu umewatambua watoto hawa wakiwa wamekua tayari: mtihani wa darasa la saba, kisha wachache wenye alama za juu wanaitwa Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, Kilakala, Msalato, zile shule za vipaji maalumu. Mtoto hapo ana miaka kumi na mitatu. Miaka saba ya kabla ya hapo yuko mikononi mwa mtu kama mimi, na mtu kama mimi anaweza kukiua kipaji hata bila ubaya wa moyo.

Nina ushahidi. Mwaka 1986 nilikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyekuwa akiandika majibu tu. Swali la mistari minne, yeye anaweka namba moja chini yake, basi. Nikamwambia aoneshe njia. Hakuonesha. Nikamwita mezani, nikamuuliza, "Umejuaje?" Akasema, "Nimejua tu." Kwangu "nimejua tu" ilikuwa na maana moja: ameibia. Nikamchapa mbele ya darasa. Zoezi lililofuata alileta karatasi nyeupe. Ni baadaye sana, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nililiona siku ile ile kwa macho yangu na sikulitumia: aliyekaa kulia kwake alipata mbili kati ya kumi, na wa kushoto hakuja shule siku hiyo. Angeibia kwa nani?

Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa. Enzi zile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na wengi wazuri waliishia hapo, kwa hiyo sijipi mzigo wote. Lakini kipande changu nakijua. Sasa ni fundi wa mashine za boti, kibanda chake kiko ufukweni. Wavuvi wanasema anaweka sikio kwenye injini kama daktari, kisha anataja ugonjwa. Kila nikipita ananiamkia, "Shikamoo mwalimu," ananipa kiti, anamtuma kijana aniletee maji. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuitaja ile fimbo, nami sikuwahi kupata ujasiri wa kumuuliza kama anaikumbuka.

Turudi darasani. Mwaka 2018 niliwapandisha watoto wangu darasa la pili nikaenda nao. Tukafika kwenye saa. Nilitengeneza saa ya boksi la biskuti, mishale ya vijiti vya ufagio, nikaitundika. Sasa kufundisha saa kwa Kiswahili kuna balaa lake, na anayefundisha atanielewa. Mshale mfupi unasimama kwenye 12, wewe unamwambia mtoto hii ni saa sita. Unasimama kwenye 3, unamwambia saa tisa. Mtoto ametoka kujifunza namba juzi, unamwambia asiziamini. Siku zote nilifundisha kwa kukariri: jumlisha sita, ikizidi kumi na mbili toa. Robo ya darasa walielewa, waliobaki waliimba.

Alikuwapo mvulana mmoja anayelelewa na babu na bibi. Kwa sababu ya kukaa na wazee alikuwa akiongea kama mzee, anaanza sentensi kwa "unajua zamani", akiwa na miaka saba. Wenzake wakamwita Mzee. Siku ile aliitazama saa ya boksi, akatikisa kichwa, akaja mbele bila kuitwa. Kijiti changu cha mshale mfupi nilikitoboa vibaya, si mwishoni, kwa hiyo upande wa pili kilichomoza kidogo. Mzee akaweka kidole kwenye kile kipande kilichochomoza.

"Mwalimu, huku ndiko kwenyewe. Soma mkia. Kichwa ni cha Wazungu."

Nikatazama. Kichwa kiko kwenye 12, mkia uko kwenye 6. Saa sita. Nikazungusha: kichwa 3, mkia 9, saa tisa. Kichwa 7, mkia 1, saa moja. Nikazungusha mpaka mwisho nikitafuta pa kumkamata, sikupata. Bila shaka, saa yetu na ile nyingine zimepishana sita kamili, na sita ni nusu ya kumi na mbili, kwa hiyo namba tunayoitaka iko ng'ambo ya duara moja kwa moja. Nililijua hilo kwa kutoa na kujumlisha, yeye aliliona kwa sababu ya kijiti kilichotobolewa vibaya. Wiki ile ile darasa zima lilisoma saa. Nilikata mishale mipya yenye mikia mirefu, nikaipaka rangi nyekundu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na ndilo lililonifundisha kuliko yale mazuri yote.

Nilimpenda mno yule mtoto. Nikaanza kumtembeza. Nilimpeleka ofisini awajibu walimu wenzangu, 27 ongeza 38, 100 toa 43, naye anajibu kabla mtu hajamaliza kuuliza, walimu wanapiga makofi, anapewa andazi. Wakaja wageni, nikamsimamisha mbele yao. Nikamsimamisha na mstarini asubuhi, shule nzima, darasa la saba wanaulizwa swali wanashindwa, Mzee anajibu. Nilidhani namjengea heshima. Nilisahau kwamba wale wa darasa la saba wana mikono, na kwamba njia ya kwenda nyumbani ni ndefu.

Wakambatiza Kompyuta. "Kompyuta, 9 mara 9!" Wanamvua mfuko, wanamwambia jibu kwanza. Mimi nilisikia jina hilo nikacheka, nikaona ni sifa.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kukosa. Zoezi la kwanza sifuri kati ya kumi. Nikamwambia ajirekebishe. La pili sifuri. Nikaona amelewa sifa. La tatu nilikuwa nasahihisha nyumbani usiku, kwa taa, kalamu nyekundu mkononi, nimeshaweka mikato minne ndipo mkono ukasimama. Nikasoma upya. 17 ongeza 8, ameandika 26. 34 ongeza 9, ameandika 44. 25 ongeza 25, ameandika 51. 40 toa 13, ameandika 28. Nikashuka mpaka la kumi. Yote yamezidi moja. Nikavuta daftari nikatazama zoezi lililotangulia: yote yamepungua moja.

Mtoto asiyejua hawezi kukosa hivyo. Asiyejua anakosa ovyo, hapa tatu, pale kumi, kwingine anapatia kwa bahati. Ili ukose kila swali kwa moja, lazima kwanza upate kila swali. Yule mtoto alikuwa anafanya kazi mara mbili ya wenzake: anakokotoa, kisha analificha jibu hatua moja pembeni, mahali ambapo mtu anayemtazama vizuri angelikuta. Na mwalimu wake nilikuwa nasahihisha kwa kufuata jibu la pembeni ya kitabu, sikuwa namtazama yeye.

Sikulala vizuri. Jumamosi nikaenda kwao. Bibi yake alikuwa anasuka ukili barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaniitikia akanikaribisha mkekani, akaendelea kusuka. Nikamweleza kwamba nimekuja kwa sababu mtoto anakosa shuleni. Akasema, bila kunyanyua macho, "Hakosi, mwalimu. Amechoka kupigwa." Akanyamaza, akaongeza, "Nilidhani mnajua."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa bodaboda zilikuwapo.

Sikumwita mtoto ofisini kumwomba radhi. Mtoto wa miaka minane anayeombwa radhi na mtu mzima anaogopa zaidi. Jumatatu niliporudisha madaftari sikumwekea mikato. Nilimwandikia chini ya zoezi: "Toa moja." Basi. Akasoma, akaniangalia, akaangalia pembeni, masikio yamemwiva. Zoezi lililofuata lilikuja sahihi lote, na kona ya chini, kwa herufi ndogo, ameandika: "usiseme." Sikusema. Sikumsimamisha tena popote. Na wale wakubwa nilishughulika nao kwa njia nyingine, ambayo sina haja ya kuieleza hapa.

Nimezaliwa mkoa huu, na shule ya Magamba, kule Lushoto, si mbali sana na hapa. Hapo ndipo Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa mwanafunzi anatengeneza aisikrimu, aliweka maziwa yake ya moto kwenye friji bila kusubiri yapoe, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akaendelea kuuliza, wakamcheka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Alipokuja Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Mpemba akamuuliza tena, wenzake wakaona aibu. Osborne akarudi chuoni akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu zake, na jambo lenyewe linabeba jina lake. Zamani nilipokuwa nikiisimulia hadithi hii darasani nilikuwa namsifu Mpemba. Sasa namfikiria zaidi yule mwalimu wake. Si mtu mbaya, nina hakika. Alikuwa na kipindi cha kumaliza.

Kulikuwa na kosa jingine, dogo, ila naona walimu wengi tunalo. Mtoto akimaliza mapema, nilikuwa namwambia, "Fanya mengine kumi." Nilidhani nampa kazi ya kumkuza. Binti Dagaa ndiye aliyenifumbua macho. Nilimwona amemaliza, ameweka penseli, kisha akaichukua tena akaanza kuifuata ile namba aliyoandika, anaikoleza, anaikoleza, polepole, anasubiri wenzake. Alishajua kwamba kumaliza haraka kuna adhabu ya hesabu kumi. Mtoto mwenye akili atafanya nini? Atachelewa.

Nikaacha. Badala yake nikawa naandika namba kwenye kona ya ubao na kusema: hili ni jibu, swali limepotea, nitafutieni. Siku ya kwanza niliandika 12. Mzee akaandika "miguu ya ng'ombe watatu". Mtoto mwingine, ambaye sikumtegemea kabisa, na ambaye kusoma kulimshinda mpaka akaingia darasa la tatu, alinijia mezani akaninong'oneza, "Miaka yangu na ya mdogo wangu, kabla hajafa." Sikuwa na la kusema, nikamshika bega. Binti Dagaa akaandika: "Saa sita ya ukutani." Niliicheka peke yangu njia nzima.

Nikaleta na bao. Nilijifunza kwa kaka yangu, japo barazani kwetu mwanamke kucheza bao ilikuwa habari ya kusimuliwa. Mwenzangu mmoja aliguna kwamba huo ni mchezo wa wasio na kazi. Nikamwonesha: mashimo 32, kete 64, kila shimo mbili kwa wanaojifunza, mtoto anachota, anapanda moja moja, akiishia kwenye shimo lenye kete anachota tena. Kabla hajagusa lazima aone mkono wake utaishia wapi. Mwambie mtoto huyo huyo afanye kujumlisha kwa kichwa hatua kumi na tano mfululizo, atakuambia kichwa kinamuuma.

Mzee alikuwa akimwangalia babu yake barazani tangu hajaanza kuongea. Alinifunga mara ya kwanza tulipocheza, mara ya pili, na ya tatu. Sikumwachia, niseme ukweli. Nilijitahidi mpaka nikatoka jasho. Alikuwa anatazama bao bila kugusa kitu, midomo inacheza kidogo, kisha anachota na kumaliza mtaji, yaani zamu yake ya kula kete, bila kusita hata mara moja.

Halafu Binti Dagaa, ambaye alikuwa amejifunza wiki mbili tu, akamfunga.

Mzee akazitazama kete. Akazisukuma zote chini, akajitupa sakafuni akalia kwa kupiga miguu, kamasi zinatoka, kaptula imepanda. Yule yule aliyeniambia kichwa ni cha Wazungu. Mwalimu wa zamu alichungulia akasema, "Huyu si ndiye mwenye akili nyingi?" kana kwamba akili zinamaliza machozi. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kwa sababu alihesabu kama mtoto wa miaka kumi na miwili, nilikuwa namdai na uvumilivu wa miaka kumi na miwili, na moyo wa kusimama mbele ya shule nzima. Lakini alikuwa na miaka minane. Siku zilizo nyingi alisahau kufunga vifungo. Binti Dagaa alimwangalia akilia, akaokota kete moja moja kwenye nyayo za watu, akazihesabu, zikawa 63. Akaikuta ya mwisho chini ya goti la Mzee. "Inuka, umeikalia," akamwambia. Akainuka.

Nilistaafu mwaka 2019. Wakati fulani Jumamosi watoto wa mtaani wanakuja uani kwangu, chini ya mwembe, sidai hela, nadai maswali. Binti Dagaa alichaguliwa kwenda mojawapo ya shule za vipaji maalumu. Mama yake alipoleta habari alileta na dagaa kilo mbili. Mzee yuko sekondari ya kata, kidato cha pili. Hesabu alipata A, Kiingereza kikamwangusha. Niliumia kuliko yeye. Yeye aliniambia, "Bibi, huku kuna maabara lakini funguo anazo mwalimu mmoja," akiwa tayari anatafuta njia ya kumzoea mwalimu huyo.

Likizo ya Juni nilimpeleka ufukweni, kwenye kile kibanda. Nilimwambia fundi kwamba nimemletea kijana wa kumshikia spana, naye akamtazama juu mpaka chini, akamwonesha pa kuweka viatu.

Wiki iliyopita nilipita kuwaona. Injini ya boti imefunguliwa, imewekwa juu ya pipa, wanaijaribu, inakohoa. Fundi ameinamisha sikio upande mmoja, Mzee upande wa pili, wamefumba macho wote wawili. Nikakaa kwenye kiti changu bila kuwasemesha. Baada ya muda Mzee akafumbua macho akasema mafuta hayafiki vizuri, kuna mahali pameziba kidogo, si pa kwanza, pa pili. Fundi akazima injini. Akafungua, akatoa kitu chembamba, akakipuliza, akakitazama kwenye mwanga. Kulikuwa na uchafu mdogo kama punje ya mtama.

"Umejuaje?" akamuuliza.

"Nimejua tu."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akageuka akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Basi uandike na njia, kijana," akasema. "Mwalimu asije akakuchapa."

Tukacheka wote watatu, mimi nikiwa wa mwisho.